Mdogo wangu ana F ya Hesabu na anataka udaktari: aende CBG au chuo cha utabibu?

Muuza Vipuri, Ushirombo

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliopita vyuo vya afya, maana nyumbani tumegawanyika na muda unakwenda.

Mdogo wangu wa mwisho, binti, matokeo yake ya kidato cha nne ni haya: Biolojia C, Kemia C, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza D, Fizikia D, Historia D, Uraia D, Hesabu F. Amepangiwa kidato cha tano, CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Yeye tangu shule ya msingi hana wimbo mwingine, ni daktari tu. Mama alipolazwa kwa presha mwaka juzi, huyu mtoto ndiye aliyekuwa akiandika vipimo vya asubuhi na jioni kwenye daftari. Daktari wa zamu alilichukua lile daftari, akasimama pale kitandani akalisoma lote. Tangu siku ile haambiliki.

Baba mdogo anasema aende kidato cha tano kwa kuwa ada imefutwa. Mimi nawaza diploma ya utabibu, miaka mitatu, nijikamue kwa haka kaduka kangu ka vipuri vya pikipiki. Halafu kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anataka 50,000 amwombee chuo, anasema nafasi ni uhakika na F ya Hesabu si tatizo.

Njia ipi itamfikisha kwenye udaktari kweli?

Mwana Kishapu

Mkuu mpeleke CBG. Bure kabisa, akifika chuo kikuu ataomba udaktari kama wenzake. Diploma ni kumpotezea mtoto muda.

Dada Tabibu

Kaka pole na majukumu. Kwanza naomba nimsahihishe ndugu hapo juu, kwa heshima, kwa sababu ushauri wa namna hiyo umewaumiza wengi. Kwa kidato cha sita, udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, kila moja angalau D, jumla pointi 6. CBG haina Fizikia. Binti anaweza kupata A tatu na bado asiwe na sifa. CBG ina njia zake nzuri, ila si hii anayoitaka yeye. Na kwa D ya Fizikia, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) nako hawakumpanga.

Kwa hiyo wewe uko sawa kuwaza utabibu. Ana Biolojia, Kemia na Fizikia, kuingia diploma anaingia. Huyo wa WhatsApp hapo hajakudanganya. Alichokuficha, au hakijui, ni mlango wa pili.

Mimi niliingia chuo nikiwa na F ya Hesabu kama yeye. Hakuna aliyeniambia neno. Nilimaliza 2018 na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.6, nikaajiriwa kituo cha afya, nikafanya kazi kwa moyo wote. 2020 nikaomba MD, yaani shahada ya udaktari. Sifa za mwenye diploma ya utabibu ni GPA isiyopungua 3.0, halafu matokeo ya kidato cha nne yawe na angalau D kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mfumo ukanikataa. Nilirudia kujaza mara tatu nikidhani nimekosea namba. Miaka mitatu ya chuo, miwili ya kazi, watu wananiita dokta pale kituoni, na kilichonizuia ni mtihani nilioufanya nikiwa na miaka kumi na saba.

Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu. Jioni nikitoka zamu nilikuwa naenda tuisheni kwa mwalimu mmoja, nakaa benchi moja na watoto wa kidato cha pili, mtoto wangu mgongoni. Siku ya mtihani, Novemba 2021, nilipewa dawati la mbele. Mkono ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba mstari wa kwanza niliochora kwa rula ulipinda, nikaufuta, nikauchora upya. Yaani mkono huohuo ulioshona vidonda usiku bila kutetemeka. Nilipata D. Sasa nasoma MD.

Kwa hiyo huyu binti asingoje kama mimi. Usajili wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi umekosa. Mwaka huu dirisha limeshapita, Januari aende kujisajili kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu na chuo chake. Aanze Hesabu leo, akiwa bado hapo nyumbani. D inaanzia alama 30. Asianze na zile zinazomtisha. Ashike takwimu, matriki, seti, na ile mada ya uhasibu, aimalize moja ndipo aguse nyingine. Kiingereza ana D, inatosha. Na chuoni aitunze GPA tangu muhula wa kwanza, wengi huamka mwaka wa tatu.

Mkunga Mwalimu

Dada Tabibu ameeleza yote kuhusu sifa. Mimi nafundisha uuguzi, niongezee la huyo wa WhatsApp.

Usimpe hela, wala vyeti, wala nenosiri. Nimepokea wanafunzi wanaolia ofisini kwa sababu aliyewaombea aliweka namba yake ya simu kwenye akaunti, akachagua vyuo vinavyompa asilimia, na mtoto hawezi hata kuingia kubadilisha. Maombi ya vyuo vya afya vya kati Tanzania Bara yanapitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Mkae wawili na simu yenu, mfungue akaunti kwa namba ya binti mwenyewe. Kabla ya hapo pakua kitabu cha mwongozo wa udahili, uone chuo kimo na ada yake ni kiasi gani. Chuo kisichomo humo, hata kama kina jengo la kioo, achana nacho.

Halafu piga simu uulize swali moja: wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani, na wako wangapi kwa zamu? Utabibu hufundishwa kitandani kwa mgonjwa. Kuna mahali wanafunzi kumi na watano wanamzunguka mama mmoja, wa nyuma anamaliza mwezi hajawahi kusikiliza kifua cha mtu.

Na majina. Cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne visomeke sawasawa. Tangu 2023 bodi ya mikopo inakopesha baadhi ya wanafunzi wa diploma, afya wakiwemo, lakini cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Herufi moja ikitofautiana, utapanda basi mara nyingi.

Muuza Vipuri, Ushirombo

Dada zangu, Mungu awabariki. Nimemsomea mama majibu yote, na baba mdogo nimempigia simu. Amekaa kimya kidogo, akauliza hiyo Fizikia mnaongea kwa uhakika? Nikamsomea tena. Amekubali. Jamaa wa WhatsApp nimemwambia hapana.

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina la babu kwa herufi S na cha shule kina Z, kesho kutwa nafuatilia.

Hiyo mada ya uhasibu jana usiku tumeianza kwa daftari langu la duka: mauzo, manunuzi, waliokopa. Nilimwachia afunge hesabu ya wiki. Akaja na jibu linalopishana na langu kwa 4,500. Tumerudi mstari kwa mstari, nilikuwa nimeandika pedi za breki mara mbili.

Dada Tabibu, kitabu gani ulitumia kwa matriki? Alichonacho hakina majibu nyuma.