Mrejesho: kuhasi mabeberu hapa Goma, ganzi imesaidia, ila si kwa wote

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza kama ksilazini, dawa ya kutuliza na kulaza, peke yake inatosha kuhasi beberu, maana mwenye mifugo hakutaka kulipia ganzi. Mlijibu karibu wote: mbuzi atalala, lakini kisu atakisikia.

Nimefuata shauri la lidokaini, dawa ya ganzi. Ile ya 2% nimeichanganya nusu kwa nusu na maji safi ya sindano ikawa 1%, kwa kuwa kikomo cha mbuzi ni mg 5 kwa kilo. Beberu wa kilo 15 asipite ml 7.5. Nimetumia ml 6: mbili ndani ya kila korodani, moja kila upande chini ya ngozi pa kupasua. Meloksikamu, dawa ya maumivu, mg 0.5 kwa kilo, kabla ya kukata.

Ksilazini ni mg 0.05 tu kwa kilo, kwenye msuli. Kwa chupa ya 2% hiyo ni kidogo mno kupimika vizuri kwa bomba la sindano la kawaida, kwa hiyo izimueni mara kumi, kisha kwa huyo wa kilo 15 vuta ml 0.4. Anayekadiria kwa macho, kama kwa ng'ombe, ndiye anayeua mbuzi.

Watatu walitulia kabisa. Wa nne alipiga teke kamba ya korodani ilipovutwa: nilikata baada ya dakika tatu, si kumi. Nikamwongezea ml 1 kwenye kamba yenyewe, nikangoja, akatulia.

Bei ndiyo haijapata dawa. Mwenye mbuzi bado ananung'unika. Mimi bila ganzi sikati tena.