Mjadala: Cheti cha kyubu kinathibitisha ubora wa jengo, au ubora wa kyubu?

Mleta mada: Wakuu, jengo la zege likitiliwa shaka, mkandarasi anatoa cheti cha maabara: kyubu (vipande vya mchemraba vya zege la sampuli) za milimita 150 zimevunjwa siku ya 28, nguvu imefika, basi kelele ziishe. Mimi naona tunakipa cheti hicho uzito kisichostahili. Kyubu hujazwa kwa uangalifu, hushindiliwa vizuri, kisha hulazwa kwenye maji hadi siku ya kupimwa. Zege la nguzo linajipenyeza kwenye nondo zilizosongamana, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishindiliwe) ni mbovu, na kesho yake hakuna wa kulimwagilia. Matundu ya hewa yakibaki asilimia 5 tu, nguvu inaweza kushuka kwa asilimia 30. Kyubu haitasema lolote.

Nondo ndizo zinanitisha zaidi. Chukua roshani inayoning'inia, iliyoshikwa upande mmoja tu, slabu ya milimita 150. Nondo zake kuu hukaa juu, maana huko ndiko slabu inakovutika. Siku ya kumwaga, vibarua na matoroli wanapita juu yake, nondo zinadidimia milimita 40. Karibu theluthi ya uwezo wa ile roshani imekwenda hapo hapo, na zege likishakauka huoni kitu.

Hoja yangu: uzito uhamie kwenye ukaguzi wa kabla ya kumwaga. Mtu mwenye futi kamba, asiyelipwa na mkandarasi, aweze kusimamisha kazi.

Mchangiaji wa kwanza, msimamizi wa saiti: Mkuu, inaonekana hujawahi kusubiriwa na gari la zege. Mkaguzi akichelewa, zege linaanza kushika, na unajua vijana watafanya nini? Wataongeza maji ili lilainike, na nguvu ishuke. Utakuwa umetibu jino ukang'oa taya. Halafu wakaguzi wengine wanahangaika na nguzo iliyotoka kwenye timazi kwa milimita 5. Jengo halianguki kwa hilo!

Mchangiaji wa pili: Milimita 5 za timazi sawa, nakubali. Milimita 5 za zege linalofunika nondo ni habari nyingine kabisa. Kaboni dioksidi ya hewani hupenya zege polepole, na ikifika kwenye nondo kinga ya kutu huisha. Kina inachopenya hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwa hiyo kwa zege lile lile, ukipunguza unene nusu, muda wa kinga haubaki nusu, unabaki robo. Nondo iliyotegemewa kukingwa miaka 60 inakaribia kutu baada ya 15. Biskuti za kuinulia nondo ni rahisi kuliko karibu kila kitu pale saiti, lakini watu wanatumbukiza kokoto badala yake.

Mleta mada: Suala la gari lina jibu: ukaguzi ufanyike siku moja kabla, na zege lisiagizwe bila saini. Wakati wa kumwaga, abaki mtu mmoja kazi yake ni kutazama nondo za juu tu. Cheti sijasema kifutwe, kinapima mchanganyiko na hapo kinafaa.

Kigumu ni nani amlipe mkaguzi. Mwenye jengo naye ana haraka zake. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1978, imelazimisha bima ya kasoro kubwa za jengo kwa miaka 10. Mimi naegemea huko, mkaguzi atumwe na kampuni ya bima, kwa sababu anayebeba hasara ya miaka 10 hatatulizwa na karatasi ya siku 28. Anayepinga alete njia yake, ila asiniambie tuwaamini mafundi.