Fundi, nani alikutuma ubadilishe Windows ya mama yangu?

Wakuu, leo nimefura, mtanivumilia.

Laptopu ya mama ilipelekwa kwa fundi kwa shida moja tu, kibodi. Herufi kadhaa zilikuwa hazibonyezeki, na mama ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao vya kikundi chao na kutunza hesabu, kwa hiyo asingeweza kukaa hivyo. Kazi ilikuwa kung'oa kibodi mbovu na kuweka nzima, basi. Laptopu ikarudi na kibodi nzuri, hilo sikatai, ila ndani ina Windows 11 ambayo hakuna aliyeiomba. Nikampigia fundi. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa: "Aa bosi, hiyo nimewapandishia bure, Windows 10 ilishakufa."

Bure! Ngoja niwaambie hiyo bure ilivyo.

Kwanza, hakupandisha kitu. Ukihama kutoka Windows 10 kwenda 11 kwa njia yake ya kawaida, faili, programu na akaunti ya mtu hubaki palepale, na usipoipenda una siku 10 za kurudi ulikotoka ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Huyu alifuta diski nzima akasimika upya. Faili za mama alizihamishia kwenye flashi kisha akazirudisha zimelundikana ndani ya folda moja. Tovuti alizokuwa ameziwekea alama kwenye kivinjari hazipo. Manenosiri yaliyohifadhiwa hayapo. Printa haitambuliki. Na kwa kuwa diski ilishafutwa, hakuna cha siku 10 wala cha siku moja.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka kurusha simu ukutani, akaunti. Windows 11 Home wakati wa kusimikwa inataka akaunti ya Microsoft. Mama anayo? Anaitumia barua pepe ipi? Hayo yalihitaji simu moja ya dakika mbili. Fundi hakupiga. Akaweka akaunti yake mwenyewe! Ile ile, kama nilivyokuja kugundua, anayoiweka kwenye kompyuta za kila mteja wake.

Kwa wasioona ubaya wake: tangu toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, la mwaka 2024, ukisimika upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi diski hufungwa kwa usimbaji, yaani data hugeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, bila kukuuliza. Ufunguo wa akiba, tarakimu 48, unatumwa kwenye akaunti iliyotumika kuingia. Kwa hiyo siku laptopu itakapoguswa BIOS (ile programu ya chini kabisa inayoiwasha mashine) au kubadilishiwa kifaa fulani ikashtuka, itadai tarakimu hizo 48, na zitakuwa kwa nani? Kwa fundi. Akiwa amesafiri, amebadilisha namba, au kaisahau hiyo akaunti, hesabu zote za mama zimekwenda. Hakuna mtaalamu atakayezifungua, maana kazi ya usimbaji ndiyo hiyo hasa.

Halafu kuna OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, ndiyo hilo "wingu". Siku hizi ukimaliza kusimika unaweza kukuta folda za Nyaraka, Picha na skrini ya mwanzo zimeshaunganishwa na wingu bila mtu kukubali lolote. Mama ananipigia simu: "Mwanangu, humu kuna picha za harusi ya watu. Hawa ni akina nani?" Nikadhani amefungua tovuti fulani. La hasha. Ni wateja wengine wa fundi! Barua za watu za kazi, picha za vitambulisho, kila kitu kinashuka kwenye laptopu ya mama, na vya mama vinapanda kwenda kuchanganyika na vyao. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu, ikajaa, ikaanza kumtolea mama maonyo mekundu kwamba hifadhi imeisha, anunue nyingine. Mama ambaye diski yake haijafika hata nusu.

Sasa mnajua mama alisema nini? Hakulalamika. Aliniuliza kwa upole, "Hivi nilibonyeza nini?" Kwake yeye kosa ni lake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Umeingia kwenye mashine ya mtu mzima, umempangua kila kitu, halafu yeye ndiye anaona aibu.

Na najua watakuja wale wa "wazee wajifunze, dunia inakwenda mbele." Naomba muulizane kwanza nani kawaambia hawajifunzi. Mama ana daftari. Kila jambo alilofundishwa kwenye kompyuta ameliandika kwa mkono wake, hatua kwa hatua: bonyeza dirisha lililo kona ya kushoto chini, subiri, shuka hadi kwenye kibahasha cha bluu. Amelijaza kwa miaka. Kitufe cha Start sasa kimehamia katikati. Ukibofya kulia, menyu ni fupi na nusu ya vitu vimefichwa nyuma ya mstari mwingine. Kibahasha chake cha bluu, ile programu ya Mail, kwa kweli hapo nisimwonee fundi, Microsoft wenyewe waliifunga mwishoni mwa 2024 hata kwa waliobaki Windows 10, wakaleta Outlook mpya ambayo kwa akaunti za bure inachomeka matangazo katikati ya barua. Mama amelifungua tangazo akidhani kaandikiwa. Nyinyi mkihamishiwa vitu mnatafuta kwa jicho, dakika mbili mmezoea. Yeye anatumia kumbukumbu ya mkono. Umri wa miaka sabini na kitu, kujifunza hakujaisha, lakini kunakwenda taratibu na kunataka mtu wa kukaa naye. Fundi alikaa naye?

Sasa msinigeuzie kibao mkasema napinga usalama. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni kweli na si la kuchezea. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga faili ili ulipe, ilipita kwenye mashine ambazo hazikuwa na kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, kilichotolewa Machi mwaka huohuo, ikafunga mpaka kompyuta za hospitali Uingereza. Si kila mara lazima mtu akubofyeshe kitu. Tundu lisilozibwa linatosha. Kwa hiyo nao wale wa kusema "acha tu, inafanya kazi, kwani nani atamdukua bibi," nyamazeni. Anayeshambulia hachagui bibi wala babu. Anapiga kila mlango ulio wazi.

Lakini "ilishakufa" ni uongo, na fundi anayeuza maarifa alipaswa kujua. Kuna mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida unaofika hadi 13 Oktoba 2026. Unajiunga kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Rewards (zawadi za Microsoft kwa watumiaji wao), au bila malipo ukikubali kusawazisha mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Unahitaji akaunti, ndiyo (ya mwenye kompyuta, fundi, ya mwenye kompyuta!), lakini hakuna kinachohama. Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, nayo itaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, ingawa hiyo peke yake haizibi matundu ya mfumo. Muda ulikuwepo. Muda wa kumkalisha mama, kumwonyesha Windows 11 kwenye mashine ya mtu mwingine, kuandika daftari jipya kabla ya kulitupa la zamani. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, fundi kamnyang'anya mama mbachao na msala wenyewe kauandika jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo silioni likisemwa, na mimi naliona kubwa kuliko viraka. Hatari inayowala wazee kila siku ni ile skrini inayolia king'ora, "kompyuta yako ina virusi, piga namba hii", kisha anapokea mtu mwenye sauti ya heshima anayewaambia wasimike programu ya kuiendesha mashine kutoka mbali. Tunachowafundisha wazazi ni kimoja: mama, kikitokea kitu chenyewe kinakuhimiza, usibofye. Haya. Mfumo wenyewe nao unafanya nini? Unatokeza vitu vyenyewe na kuhimiza. Microsoft walikuwa wakiwarushia wenye Windows 10 tangazo la skrini nzima la kuwataka wahamie 11. Mwaka 2016, walipokuwa wakisukuma Windows 10 yenyewe, walifika mahali ukifunga dirisha la mwaliko kwa ile alama ya X nyekundu inahesabika umekubali. Mkuu wao wa masoko wa wakati huo, Chris Capossela, alikiri mwishoni mwa mwaka huo kwamba hapo walivuka mpaka. Sasa mama atatofautishaje onyo jekundu la OneDrive lenye kumtaka alipe na onyo jekundu la tapeli lenye kumtaka alipe? Mimi mwenyewe natofautisha kwa sababu najua sura ya kila dirisha. Yeye alikuwa anazijua sura za Windows 10. Ulinzi wake ulikuwa huo: kikitokea kisichofanana na vya siku zote, anazima na kunipigia. Siku hizi kila kitu hakifanani na vya siku zote, na ameacha kupiga kwa sababu hataki kunisumbua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mzazi wake ahame au asihame, siangalii kwanza mwaka wa kompyuta. Nauliza anafanya nini nayo, nani yupo karibu wa kumwonyesha, na je, akipotea atamuuliza nani. Benki mtandaoni na barua pepe? Asikae bila viraka hata wiki. Anacheza karata na kuandika barua, mtandao haujaunganishwa? Muache apumzike. Kaka yangu yeye jibu lake kwa kila kitu ni "mnunulie mpya." Kaka, mpya inakuja na Windows 11, akaunti, wingu na onyo jekundu vilevile. Hatujatatua kitu, tumelipa tu.

Ya baba ndiyo hata haina mjadala. Ni ya mezani, prosesa ya Intel ya kizazi cha saba, na Windows 11 inaanzia cha nane ukiacha chache mno, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. RAM na diski anazo za kutosha kupita ile GB 4 na GB 64 zinazotakiwa, haijasaidia. Fundi huyuhuyu alijitolea "kuilazimisha." Zipo njia za kulazimisha, nazijua, na Microsoft wamesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haihakikishiwi masasisho. Sasa tutamtoa mzee kwenye Windows 10 kwa sababu ya masasisho, tumpeleke kwenye 11 isiyo na uhakika wa masasisho? Nimemwandikisha kwenye mpango wa mwaka mmoja kwa akaunti yake mwenyewe, nenosiri limeandikwa kwenye karatasi iliyo kabatini kwao. Baba anaandika historia ya ukoo, anachapisha, anasoma magazeti. Wakati huohuo nimempa Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kwenye flashi. Inawaka bila kugusa diski, menyu iko kona ileile ya kushoto chini, na toleo la 22 lina masasisho hadi 2029. Ameijaribu akasema, "Hii nayo ni kompyuta," akarudi kwenye yake. Sawa. Ataizoea kwa mwendo wake, na kwanza lazima tuone kama printa inakubali.

Ya mama nimeirekebisha kadiri ilivyowezekana. Nimezima usimbaji kwanza, maana kuitoa akaunti ya fundi huku ufunguo wa diski uko kwake ingekuwa kujifungia nje. Nimenakili faili zake kutoka folda za OneDrive hadi kwenye diski, nikamfungulia akaunti ya ndani ya kompyuta, nikaitoa ya fundi, nikaiondoa OneDrive yenyewe. Kitufe cha Start nimekirudisha kushoto, mipangilio inaruhusu. Usimbaji nitauwasha tena akiwa na akaunti yake na karatasi yake. Daftari tunaliandika upya, jioni, ukurasa baada ya ukurasa.

Kilichobaki ni chako, fundi, na najua unapita humu. Sikutaka kufuta mwenyewe ndani ya akaunti ya mtu mwingine iliyojaa mali za watu nisiowajua. Hesabu za kikundi na nakala za vitambulisho vya wanachama bado ziko kwenye wingu lako, na kila mteja uliyempa akaunti hiyo anaweza kuzifungua kama mama alivyofungua harusi ya watu. Zifute. Kisha ingia kwenye pipa la humo uzifute tena, kwa sababu zinakaa siku 30 kabla ya kuondoka zenyewe. Ukimaliza, badilisha nenosiri, halafu wapigie hao wengine mmoja mmoja uwaambie ufunguo wa diski zao uko wapi.