Mswada umekamilika: nimpe mchapishaji au nijichapishie mwenyewe?

Mswada Mkononi

Habari zenu, ndugu waandishi. Nimemaliza kuandika riwaya yangu ya kwanza, na mbele yangu zipo njia tatu. Mchapishaji mmoja yuko tayari kuitoa kwa gharama zake, ila anataka nimkabidhi haki zote na yeye anilipe mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, wa asilimia 10. Kampuni nyingine iliusifu mswada siku chache tu baada ya kuupokea, kisha ikaniletea ankara ya kile inachokiita mchango wa uchapishaji. Njia ya tatu ni kujichapishia, kazi ambayo sijui hata inaanzia wapi. Naomba mnieleze ni kigezo gani kinachopaswa kutangulia katika uamuzi huu.

Mhariri Mkongwe

Ndugu yangu, hiyo kampuni ya pili iweke kando kwanza. Mchapishaji hupata faida kwa kuwauzia wasomaji vitabu. Anayekuletea ankara amekwisha kuipata faida yake kwako, kwa hiyo hana sababu ya kuhangaika kama kitabu kitauzika au kitalala ghalani. Kumlipa mhariri au mchapaji si kosa, maana hao ni mafundi na kazi yao unaiona kwa macho. Tatizo ni kubeba gharama zote, halafu mtu mwingine ashike haki zako na kukumegea mrabaha.

Kuhusu mchapishaji wa kwanza, muulize hiyo asilimia 10 ni ya kitu gani. Ikiwa inatokana na bei ya jalada, kitabu kinachouzwa kwa 1,000 kitakupatia 100. Ikiwa inatokana na mapato halisi, yaani fedha zinazomfikia mchapishaji, na muuza vitabu amepewa punguzo la asilimia 40, basi hesabu itaanzia kwenye 600 na wewe utapata 60. Nimewaona waandishi wakibishana wiki nzima kuhusu rangi ya jalada bila kuugusa mstari huo wa mkataba.

Jichapishie

Kuhusu ankara sina la kuongeza, ila njia ya tatu imerukwa. Siku hizi anayejichapishia halazimiki kujaza chumba maboksi ya vitabu, kwa kuwa nakala inaweza kuchapwa pale tu mnunuzi anapoagiza. Kwa upande wa vitabu pepe, Amazon, kupitia KDP, huduma yake ya kujichapishia, humpa mwandishi asilimia 70 kwa kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99, baada ya kukata gharama ya kukifikisha kwa mnunuzi, na kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa tu. Nje ya masharti hayo ni asilimia 35. Ukijiunga na mpango wa KDP Select, kitabu pepe hicho hakiruhusiwi kuuzwa mahali pengine kwa siku 90, na mpango hujirudia usipouzima. ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) ya bure inayotolewa na huduma hiyo nayo haihamishiki. Ukitaka kukipeleka kitabu cha karatasi kwingine utahitaji namba nyingine.

Hata hivyo, asilimia 70 isikupofushe. Uhariri, usomaji wa prufu, upangaji wa kurasa na jalada vyote vitakuwa juu yako, na kumtafuta msomaji hakuna mwisho. Kwa maoni yangu njia hii humfaa zaidi mwandishi ambaye tayari ana watu wanaomfuata, kama vile mwalimu au mtaalamu wa fani fulani, kuliko mwenye riwaya ya kwanza.

Mswada Mkononi

Nawashukuru. Nimeurudia mkataba na kukuta kwamba mrabaha ni wa mapato halisi. Tena kipo kipengele kinachompa mchapishaji haki "katika lugha zote na kwa namna zote, kwa muda wote wa hakimiliki". Je, hilo ni la kawaida?

Mhariri Mkongwe

Wachapishaji wengi huanza na maneno kama hayo, na wengi hukubali kuyapunguza wakiombwa kwa adabu. Yapime kwanza: Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kama unavyotumika leo, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi ya fasihi katika uhai wa mwandishi na kwa miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo unaombwa uamuzi utakaowafunga hata wajukuu zako. Mpe haki ya kuchapa na kuuza katika lugha uliyoandikia. Tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu zibaki kwako, isipokuwa akuonyeshe mtu aliyemweka kuzishughulikia.

Angalia pia kipengele cha kurejeshewa haki. Zamani kilisema haki zitarudi kitabu kitakapokwisha sokoni, lakini kitabu kinachochapwa kwa kila oda hakikosekani sokoni hata kama hakuna anayekinunua. Omba kiandikwe kwa idadi: mauzo yakishuka chini ya nakala kadhaa mtakazokubaliana ndani ya miezi 12, haki zikurudie.

Jichapishie

Na iandikwe tarehe ya mwisho ya kukitoa kitabu. Bila hiyo, mswada unaweza kukaa kabatini kwake miaka nawe huruhusiwi kuupeleka kwa mwingine.