Nyumba ndani ya geti: nikague nini kabla ya kulipa?

Swali: Wadau, nataka maisonette (nyumba ya ghorofa moja juu) kwenye estate mpya ya geti huko Ruiru, karibu na Nairobi. Mbali na kufanya search ya hati (kuthibitisha mmiliki kwenye sajili ya ardhi), nikague nini?

Jibu 1: Itisha hesabu zote za service charge (ada ya walinzi na matengenezo ya pamoja) tangu estate ianze, na orodha ya wenye nyumba wanaodaiwa. Wengi wakikwepa kulipa, walinzi hulipwa kwa pesa za akiba. Pampu ya kisima ikiungua na akiba imeisha, mnachangishwa upya.

Jibu 2: Barabara, kisima na tangi la majitaka viko kwa jina la nani? Vikibaki vya mjenzi, anaweza kuongeza ada apendavyo. Wakili aone hisa yako katika kampuni ya usimamizi (ya wenye nyumba, inayoshika mali ya pamoja) kabla hujasaini.

Jibu 3: Nenda siku ya mvua, fungua vifuniko vya mitaro uone kama maji yanapita. Na usome masharti ya estate: mengine hukataza hata kuongeza chumba.