Vayolini kwa watoto: aanze kwa sikio au kwa nota?

mama_wawili: Wadau habari zenu, nina binti wa miaka 5 na kaka yake wa 9, wote wameng'ang'ania vayolini. Nimepata walimu wawili, mmoja anafundisha kwa Suzuki yani mtoto anasikiliza na kuiga, nota zinakuja baadaye, mwingine anataka kitabu cha nota toka siku ya kwanza. Mi mwenyewe sijui hata upinde unashikwaje. Aliyepitia njia hizi anisaidie

mzee_wa_nyuzi: Huyo wa 5 mpeleke Suzuki tu. Suzuki mwenyewe, yule mzee wa Kijapani (1898 hadi 1998), hoja yake ilikuwa mtoto anaijua lugha ya mama kwa kuisikia kabla hajajua kusoma, basi na muziki iwe hivyo hivyo. Nyimbo za kitabu cha kwanza zinapigwa nyumbani kila siku hata akiwa anacheza na midoli yake, mpaka siku anashika upinde wimbo ushakaa kichwani na akikosea anajisikia mwenyewe. Na kumbuka vayolini haina vile vigawanyo vya shingoni kama gitaa, kidole kikisogea kidogo tu sauti imeharibika, sikio ndo kila kitu

baba_j: Mzee sema na upande wa pili basi. Wangu kaenda hivyo miaka minne, anapiga mpaka wageni wananyamaza, siku kaingia okestra ya watoto kawekewa karatasi mbele akawa anachungulia vidole vya jirani yake. Ikabidi aanze nota upya ana miaka 10, analia, maana anayosoma ni ya kitoto na anayopiga ni ya wakubwa 😅

mwl_upinde: Pole baba j ila hapo mwalimu ndo alichelewesha nota, Suzuki haisemi zisifundishwe. Mimi nafundisha, naanza na sikio, halafu naandika ubaoni wimbo ambao mtoto anaujua tayari, anashangaa kumbe ndo huu. Wa miaka 9 anasoma vizuri, ukimnyima nota utamchosha, huyo apewe vyote pamoja. Lakini mama_wawili ujue Suzuki inamtaka mzazi, unakaa darasani, unaandika, nyumbani unakuwa mwalimu wewe. Kama huna dakika 15 kila siku afadhali mwalimu wa kitabu

mama_wawili: Dakika 15 ntazipata. Mbona huyo wa Suzuki kampa binti boksi la kadibodi badala ya vayolini?

mwl_upinde: Kawaida hiyo, anazoea kusimama na kubeba begani bila kuogopa kuvunja. We mpe penseli ashike kama upinde, kidole cha mwisho kikae juu kimejikunja, na dole gumba nalo lijikunje. Ukiona gumba limenyooka na ncha imekuwa nyeupe ujue kakaza, mwambie autikise mkono aanze tena. Hapo watoto wengi wanaharibikia na ukiacha mwaka mzima kurekebisha ni kazi kweli

mzee_wa_nyuzi: Na saizi jamani, usinunue kubwa eti atakua nayo. Aiweke begani anyooshe mkono, kiganja kizunguke kichwa cha vayolini na kiwiko kibaki kimekunjika kidogo. Asipofika, shuka saizi

mama_wawili: Haya, binti sikio, kaka vyote. Ile sauti ya bawaba kavu inaisha lini lakini?

baba_j: Tafuta pamba za masikio mapema