Unga wa manjano wa magoti umemfaa bi mkubwa haraka mno, ni kawaida kweli?

Mtu wa Muheza:
Wakuu habari za saizi. Bi mkubwa wangu ana miaka sitini na kitu, magoti yamesagika, hilo daktari alishasema baada ya eksirei, akamwandikia diklofenaki ya maumivu akawa anameza mpaka tumbo likaanza kumuwaka akaacha mwenyewe. Sasa kuna jamaa anapita mnadani kamuuzia dawa ya asili, unga wa njano kwenye kopo jeupe, anasema ndani ni manjano, tangawizi, pilipili manga na mizizi ya porini, unakoroga kijiko cha chai kwenye maji ya moto asubuhi na jioni. Aisee alikunywa jioni kesho yake kaenda kisimani bila fimbo, majirani wote wakaja kuulizia kopo. Tulifurahi. Ila hii juzi nimeenda kumsalimia nimekuta uso umejaa mashavu ya duara kama sio yeye, anakula kuliko sisi vijana, usiku haachi kwenda chooni na maji anakunywa balaa. Mwenyewe anasema kanenepa kwa sababu sasa analala vizuri. Nauliza tu, manjano yana nguvu hizo? Na nikitaka kumwachisha nianzie wapi maana kopo analilaza chini ya mto.

Bi Karafuu:
Mwanangu mwache mama apumzike. Sie huku Pemba tumekua na vitu hivi, jino likiuma unaweka tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba unabana, dakika chache umetulia, na hao madaktari wa meno nao wanaitumia hiyo hiyo ndani ya dawa ya kuzibia, ukifungua mdomo kliniki nzima inanuka karafuu. Manjano na maziwa bibi yangu alikunywa mpaka uzeeni. Uso kujaa ni shibe, mama alikuwa hali kwa maumivu.

dawa_na_dozi:
Bi Karafuu shikamoo, kwenye karafuu uko sahihi kabisa, ile yujenoli iliyomo kwenye karafuu inatia ganzi kweli pale ilipogusa. Ila la Muheza ni jingine na ningeomba mtoa mada asilichukulie poa.

Mimi nipo duka la dawa kila siku. Manjano yana kitu kinaitwa kurkumini ndo kinachopunguza uvimbe, lakini kwenye unga wa jikoni ni kama asilimia 3 tu, kwa hiyo kijiko cha chai kilichojaa, tuseme gramu 3, unapata miligramu 90 hivi, na hizo nyingi zinapita tumboni zinatoka, kidogo kinachoingia kwenye damu ini linakifagia fasta. Ndo maana wanachanganya pilipili manga, kuna utafiti wa 1998 ulionesha piperini, ule ukali wa pilipili manga, miligramu 20 inapandisha kurkumini kwenye damu ya mtu kama mara 20. Na sisemi haifanyi kazi, Thailand mwaka 2014 walichapisha utafiti wa watu wenye magoti yaliyosagika, wengine wakapewa ibuprofeni miligramu 1200 kwa siku na wengine dondoo la manjano miligramu 1500, baada ya wiki 4 maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa na wa manjano tumbo liliwasumbua kidogo kuliko wenzao. Ila angalia, hilo ni dondoo lililokamuliwa, ukitaka kulifikia kwa unga wa jikoni ni vijiko zaidi ya kumi kila siku, na bado ni habari ya wiki sio ya usiku mmoja.

Sasa dawa ya kunywa jioni asubuhi fimbo imetupwa, halafu uso wa duara, njaa, kiu, mkojo wa usiku, hiyo picha kila mtu wa dawa anaijua, ni steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe zinazofanana na homoni ya mwili wenyewe. Wanasaga deksa (deksamethasoni) au predinisoloni humo, wengine wanaongeza na diklofenaki ile ile iliyomchoma tumbo. Sio Muheza tu, Marekani mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama virutubisho vya maungo, maabara ikakuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazijaandikwa kwenye lebo.

Na hapa ndo pa kusoma mara mbili: USIMNYANG'ANYE KOPO GHAFLA. Mtu akikaa muda mrefu kwenye steroidi tezi zinazokaa juu ya figo zinaacha kutengeneza ya kwake mwenyewe, ukikata siku moja presha inaweza kushuka, akatapika, akaishiwa nguvu, na watu wanakufa hivo. Mpeleke hospitali na kopo lake, wapime sukari na presha siku hiyo hiyo, mwambieni daktari amekunywa nini na kwa muda gani, yeye ndo atapanga namna ya kumshusha kidogo kidogo. Akianza kutapika au kuzimia kabla hamjafika kwa daktari msisubiri asubuhi.

Mzee wa Gulio:
Yaani nyie wa famasia kila cha asili lazima mkitie doa. Aspirini mnayouza ilitoka wapi kama sio kwenye mti? Mofini si maua? Wazungu wakichemsha mti ni sayansi, mzee wa mnadani akichemsha ni tapeli.

dawa_na_dozi:
Mzee wangu nakuunga mkono nusu. Mchungaji mmoja wa Uingereza, Edward Stone, mwaka 1763 aliandika barua kuhusu gome la mti uitwao willow aliloanika akalisaga akawapa kama watu 50 wenye homa. Mwaka 1828 Buchner wa Ujerumani akatoa humo kemikali iitwayo salisini, 1897 Hoffmann wa Bayer akatengeneza aspirini, na namna inavyotuliza maumivu haikueleweka mpaka John Vane alipoionesha mwaka 1971. Ni mti ndiyo, ila ukinunua kidonge cha miligramu 300 ndani ni 300, leo na mwakani. Kwenye kopo la mnadani nani kakupimia?

Na hiyo mizizi ya porini ndo inanitisha kuliko manjano. Kuna ule mmea unaotambaa wenye maua mekundu na njano yaliyopinda juu kama miali ya moto, upo sana vichakani kwetu, jina la kitaalamu Gloriosa superba. Kiazi chake kina kolkisini, dawa nzuri ya gauti, hospitali wanaitumia mpaka leo kwa dozi ya nusu miligramu au moja hivi. Watu wamekula hicho kiazi wakidhani ni kiazi kikuu wakafa. Kitu kile kile.

nesi wa kisauni:
Mtoa mada sukari apimwe LEO, hiyo kiu na mkojo mi sipendi kabisa. Halafu la magoti, nyanya yangu huku Mombasa anapaka krimu ya kapsaisini, ni ule ukali wa pilipili, inaunguza siku za mwanzo halafu mishipa ya maumivu inachoka kupiga kelele, mlango wake kwenye neva aliugundua David Julius akapewa Nobel 2021. Ila apake ile ya dukani ya asilimia 0.025, asije mtu akamtwangia pilipili mbuzi akamfunga nazo gotini, ngozi inatoka malengelenge. Na anawe mikono kwa sabuni, nyanya alijisahau akafuta jicho, nyumba nzima tulihama siku hiyo.

Mtu wa Muheza:
Asanteni sana, nimemtuma dada wanaenda kituo cha afya jioni hii. Kopo halina lebo, kikaratasi tu kina namba ya simu na "haina kemikali", naipiga namba haipatikani. Swali la mwisho mkuu dawa_na_dozi, wakimshusha hiyo kitu magoti si yatarudi kuuma? Atumie nini, na manjano ya jikoni aache?

dawa_na_dozi:
Yatarudi na mwambieni mapema, la sivyo atamtafuta yule jamaa. Krimu ya nesi hapo juu ni wazo zuri, kuna na jeli ya diklofenaki ya kupaka, haichomi tumbo kama kidonge, halafu mazoezi ya mapaja, akae kwenye kiti anyooshe mguu ahesabu mpaka kumi ashushe, kila siku, hayo yanasaidia goti kuliko watu wanavyodhani. Manjano kwenye mchuzi na chai aendelee. Hizo kapsuli za manjano zilizoongezwa piperini asianze bila kumwambia daktari, Italia na Marekani kuna watu zimewaharibu ini, na kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndo kabisa asiguse.

Kopo mkiliacha hospitali bakisheni vijiko kadhaa, waulizeni kama wanaweza kulipeleka TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, likapimwe. Na wale majirani waliokuja kuulizia, walinunua?